Mavuno ya Mwaka wa Kumi na Tano

Bhoke alikwenda kwenye mkutano ule kama binti wa Skolastika tu. Ilikuwa Jumamosi, ofisi imefungwa, na mama yake alikuwa amempigia simu mara mbili akimsihi afike kijijini, upande wa Buhemba, wakae pamoja kuwasikiliza watu wa kampuni.

"Wanaongeaga hesabu nyingi," mama alisema. "Wewe ndiyo kazi yako. Njoo ukae na mimi."

Kampuni yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimlipa Bhoke mshahara. Alikuwa mchambuzi wa miradi katika ofisi yao ya Mukendo, mjini Musoma, na kijiji kizima kilijua. Kwa kiasi fulani ndiyo maana watu walikuwa wametulia mioyo. Kampuni ilitaka kukodi ekari themanini zilizoungana, kwa miaka kumi na tano, ichimbe dhahabu na kujenga mtambo wa kusaga mawe. Malipo yangetolewa mara moja, kwa mkupuo, na baada ya hapo mwenye shamba asingedai kitu mpaka miaka iishe.

Waliketi kwenye madawati yaliyotolewa nje ya darasa la shule ya msingi. Mzee Magesa, mwenyekiti wa kijiji, alifungua mkutano kwa maneno machache, akampisha Benson, ofisa wa ardhi wa kampuni. Benson alikuwa kijana mchangamfu, anayejua kusalimia wazee.

"Wazazi wangu, sisi hatukuja kubahatisha," alisema. "Tumepiga hesabu. Ekari moja hapa, ukitoa mbegu na vibarua, inampa mtu kama laki sita kwa mwaka. Sisi tunampa milioni mbili na laki tatu, taslimu, siku ya kusaini."

Mjane mmoja aitwaye Rhobi, jirani wa Skolastika, alinyoosha mkono. "Laki sita mara miaka kumi na tano si ni milioni tisa? Hizo nyingine zinakwenda wapi?"

Benson alitabasamu kama mtu aliyelisubiri swali hilo. "Mama, hela ya kesho hailingani na hela ya leo. Nikikupa laki leo, utaifanyia biashara, itazaa. Nikikuahidi laki ya mwaka kesho, hiyo ni ndogo kidogo. Ya miaka kumi ijayo ni ndogo zaidi. Kwa hiyo kila mavuno yenu ya mbele tumeyapunguza yaje kwenye thamani ya leo, halafu tumeyajumlisha. Ndivyo wawekezaji wote duniani wanavyofanya."

"Mmepunguza kwa kiasi gani?" Bhoke alijikuta anauliza.

"Asilimia ishirini na tano kwa mwaka," Benson alijibu, kisha akamtambua. Uso wake ukachanua. "Na huyu hapa dada yenu Bhoke ni shahidi. Ndiye anayetufanyia mahesabu kule Musoma. Mtoto wenu wenyewe. Mnaweza kumwamini au hamuwezi?"

Watu walicheka kwa furaha, wengine wakageuka kumpungia mkono. Bhoke alikaa kama aliyemwagiwa maji. Njia aliyoieleza Benson ilikuwa sahihi, hakuna aliyesoma uwekezaji ambaye angeikataa. Hata yeye aliitumia. Alikuwa ameandaa hesabu za mgodi uleule kwa ajili ya wenye mitaji: fedha za kuanzia, mauzo ya dhahabu ya kila mwaka, gharama za kila mwaka, vyote vimepunguzwa mpaka thamani ya leo. Gharama ya ardhi aliipokea kutoka kwa Benson ikiwa namba moja tu, akaiingiza kama alivyoingiza bei ya dizeli, bila kuuliza ilikotoka. Kilichobaki baada ya kutoa gharama zote kilikuwa shilingi milioni mia nane juu ya sifuri, na ndicho kilichowafanya wenye mitaji wakubali.

Lakini hesabu za mgodi, kwa agizo la mkurugenzi, zilipunguzwa kwa asilimia kumi.

Kumi kwa dhahabu ya kampuni. Ishirini na tano kwa mihogo ya mama yake. Alitoa simu akapiga hesabu mapajani. Kwa asilimia kumi ekari moja ilikuwa na thamani ya zaidi kidogo ya milioni nne na nusu, karibu mara mbili ya ile waliyokuwa wakitajiwa. Kisha akaangalia mwaka wa mwisho peke yake. Mavuno ya mwaka wa kumi na tano, laki sita nzima, kwa kiwango cha Benson yalikuwa shilingi elfu ishirini na moja.

"Umeona nini?" mama yake alimnong'oneza.

"Usisaini leo," Bhoke alisema. "Mambo mengine nitakwambia nyumbani."

Mzee Magesa aliwapa watu wiki mbili za kufikiri, na mkutano ukavunjika kwa vicheko. Njiani Gody, mdogo wake Bhoke, aliwafuata akizungumza haraka haraka. Ekari tatu alizorithi kwa baba zingempa karibu milioni saba, na tayari alikuwa amezungumza na mtu wa Bunda anayeuza bajaji ya mizigo. Bhoke alipomweleza, Gody alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, hata wakinipunja, hiyo saba sijawahi kuishika."

Jumatatu Bhoke aliingia kwa mkurugenzi kabla hajaweka mkoba mezani kwake. Alfonce alikuwa mtoto wa mvuvi wa kijiji kimoja cha ufukweni, mtu aliyependa kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akipunjwa na wanunuzi wa samaki, sangara wa kilo kumi anaandikiwa saba. Bhoke alikuwa akimheshimu kwa simulizi hizo.

"Bosi, mashamba yamepunguzwa kwa ishirini na tano," alisema. "Mgodi tumeupunguza kwa kumi. Ni mradi mmoja, kwa miaka ileile."

Alfonce hakushtuka. "Kaa kwanza. Umesoma, unajua kwamba kiwango hufuata hatari. Kilimo ni hatari tupu. Kuna ukame, tembo wanashuka kutoka hifadhini, bei inaanguka. Hatari ikiwa kubwa, kiwango kinapanda."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu haingoji mvua."

"Dhahabu hatujaiona bado. Tumetoboa mashimo machache, tukakisia yaliyobaki. Mama yangu amelima pale tangu sijazaliwa na hajawahi kukosa muhogo. Sisi tumewaambia wenye mitaji kwamba shimo ambalo halijachimbwa ni salama kuliko shamba linalotulisha."

Alfonce aliizungusha kalamu mezani. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya kirafiki. "Nimekuelewa. Mama yako ana ekari ngapi?"

"Nne."

"Zake tutazipiga kwa kumi. Nitamwambia Benson. Itabaki kati yetu."

 Bhoke alikuwa amekuja akidhani anamwonyesha mtu kosa. Sasa alielewa kwamba kosa halikuwapo. Kiwango kile kilichaguliwa kwa makusudi na watu waliojua kabisa kinafanya nini, na bei ya kumnyamazisha yeye ilikuwa imeshapangwa.

"Kama kumi ni sahihi kwa mama, ni sahihi kwa Rhobi," alisema.

"Rhobi ndiyo nani?"

 Bhoke alirudi mezani kwake, akafungua hesabu za mgodi na kubadilisha namba moja tu, ile ya ardhi. Alitaka kujua kama kuwalipa watu haki yao kungeua mradi. Haukufa. Milioni mia nane zilishuka zikawa mia sita na ishirini. Mradi ulibaki na faida nono, mitambo ingenunuliwa, mishahara ingelipwa, wenye mitaji wangevuna. Hili ndilo lililomchoma kuliko yote. Angekuta mradi hauwezi kusimama pasipo kuwapunja wakulima, walau pangekuwa na la kujadili. Kumbe uliweza kusimama vizuri kabisa, na bado wakachagua kuwapunja.

Mwenye mtaji mkubwa kuliko wote alikuwa Boniphace, mfanyabiashara wa mpunga wa Bunda. Bhoke alikuwa amekutana naye mara moja akamwona mtu wa haki, mkulima aliyepanda hatua kwa hatua. Aliomba ruhusa ya nusu siku akamfuata Guta, kwenye mashamba yake. Alimkuta amesimama kwenye tuta akiwaelekeza vijana wanaofungua maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti wa hesabu. Kuna nini mpaka umekuja huku matopeni?"

Bhoke alimweleza yote akiwa amesimama. Boniphace alisikiliza bila kumkatiza, akauliza mawili matatu, maswali ya mtu anayejua anachokisikia.

"Kwa hiyo wakilipwa hiyo milioni nne na nusu, mradi bado unasimama," alisema.

"Unasimama, mzee. Vizuri sana."

"Basi hakuna tatizo."

Bhoke alishusha pumzi. Boniphace akaendelea. "Tatizo halipo, ila mimi niliweka fedha zangu kwa sababu ya mia nane. Kwa nini nikubali mia sita na ishirini?"

"Kwa sababu hiyo tofauti ni yao."

"Nani kasema ni yao? Mtu akiridhika na milioni mbili, haki yake ni milioni mbili."

"Mzee, na wewe ukijiwa na mtu anataka kukodi bonde hili miaka kumi na tano, akuhesabie mpunga wako kwa ishirini na tano?"

Boniphace alicheka, na kicheko chake hakikuwa na ubaya wowote. "Nitamfukuza. Mimi najua hesabu."

Alilisema kama jambo la kawaida, akageuka kuwaambia vijana wafunge maji. Bhoke aliondoka pale bila kuaga. Kutoka Bunda mpaka Musoma alikuwa akilirudia kichwani jibu lile. Ina maana kosa la mama yake lilikuwa kutojua. Na waliojua walikuwa wamelichukua jambo hilo wakalifanya sehemu ya faida.

Boniphace alikuwa amempigia Alfonce simu. Bhoke alipofika Mukendo na kuwasha kompyuta, neno lake la siri lilikataliwa. Alfonce alimsubiri mlangoni, akamwambia kwamba kampuni inamshukuru kwa utumishi wake, na kwamba akithubutu kutamka namba za ndani mbele ya mtu yeyote watakutana mahakamani.

Mkutano wa pili ulipofika, Benson alikuja na mikataba imeshaandaliwa, meza mbili na wino wa dole gumba. Bhoke alisubiri ajenda ya maswali, akamwomba mwenyekiti nafasi.

"Huyu si mfanyakazi wetu tena," Benson aliwahi. "Ameachishwa, ana hasira zake."

"Ni mtoto wa kijiji hiki," Mzee Magesa alisema. "Aongee."

Bhoke alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini aliposimama yalibaki machache. "Mkutano uliopita kaka Benson alinitaja mimi kuwa shahidi. Leo nashuhudia. Aliyosema kuhusu hela ya kesho na ya leo ni kweli, hakuwadanganya hapo. Amewaficha kitu kimoja. Kadiri kile kiwango cha kupunguza kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kesho yenu inavyokuwa ndogo. Kwenu wametumia ishirini na tano. Kwa dhahabu yao wametumia kumi."

"Hizo ni siri za kampuni," Benson alisema.

"Yangekuwa mahesabu ya haki yasingekuwa siri. Sikilizeni. Mavuno yako ya mwaka wa kumi na tano, umelima, umepalilia, umevuna, umeanika, haya wameyahesabu shilingi elfu ishirini na moja. Jogoo mmoja. Mwaka mzima wa jembe la mama yangu, kwao ni jogoo. Mwaka wao, huohuo wa kumi na tano, wameuhesabu karibu mara saba ya hapo kwa kila shilingi."

Minong'ono ilipita kwenye madawati. Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Sasa sisi ilitakiwa tupewe ngapi?"

"Kwa kipimo chao wenyewe, milioni nne na nusu kwa ekari."

Benson aliinua mikono, akaeleza ukame, akaeleza tembo, akasema kampuni inaweza kuhamia kijiji kingine kesho asubuhi na mitambo yake. Kauli hiyo ya mwisho iliingia. Wengine walikuwa na ada za shule, wengine na wagonjwa. Rhobi alikuwa na vyote viwili. Alisimama, akamtazama Bhoke kwa macho ya kuomba radhi, akaenda mezani. Wengine wakamfuata. Gody alikuwa miongoni mwao.

"Gody," Bhoke alimshika mkono.

"Dada, wewe ulikuwaga na mshahara," Gody alisema bila kelele. "Umeutupa, sawa, ni wako. Mimi nina nini cha kutupa?" Akautoa mkono wake taratibu akaenda kuweka dole gumba.

Skolastika hakusogea. Benson alipomfuata na karatasi pale alipokaa, alimwambia tu, "Mimi sisaini." Wengi waliokuwa karibu naye nao hawakusaini. Mashamba yao ndiyo yaliyokuwa katikati, juu ya mwamba wenyewe wa dhahabu.

Ikapita miezi. Kampuni haikuhama. Bhoke alirudi kuishi kwa mama yake, akalima naye, akiomba kazi huku na kule mjini bila mtu kumwita. Hasira yake haikupoa kama watu walivyomwambia itapoa. Kila alipomwona Rhobi akipita na ndoo, akijua kwamba ile milioni mbili na kitu ilishaisha hospitali, ilimrudia upya.

Mvua zilipokatika, Benson alirudi akiwa mpole. Kampuni sasa ilikuwa tayari kuhesabu kwa asilimia kumi na nne. Hiyo ilitoa milioni tatu na laki saba kwa ekari. Waliogoma walitazamana, na furaha ilianza kuonekana kwenye nyuso zao.

"Na waliosaini mwanzo?" Bhoke aliuliza.

"Hao wana mikataba. Mkataba ni mkataba."

"Ni ardhi ileile, mwamba uleule. Kosa lao ni kuamini mapema?"

"Dada, hao si wateja wangu leo. Hawa ndio nimekuja kuongea nao."

Hapo Bhoke aliogopa, kwa sababu hakuwa na la kuwalazimisha waliobaki. Milioni tatu na laki saba zilikuwa mezani. Mzee mmoja alikuwa ameshanyanyuka. Skolastika alimvuta shati akamrudisha kwenye benchi.

"Rhobi alinisaidia kumzika mume wangu," Skolastika alisema, akimtazama Benson. "Nikisaini leo mimi nipate hii na yeye abaki na ile, nitapita mlangoni kwake namna gani? Muongeze wote, au mrudi na karatasi zenu."

Hakuna aliyenyanyuka tena. Benson alikwenda kando na simu yake, akaongea muda mrefu akizunguka gari. Aliporudi alisema waliosaini mwanzo watalipwa nyongeza, nusu sasa na nusu mwaka unaofuata.

"Hiyo nusu ya mwaka unaofuata itaongezwa asilimia kumi," Bhoke alisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hela ya kesho hailingani na ya leo."

Mzee Magesa aliwataka waandike hivyo, wakaandika, na waliogoma nao wakasaini.

Gody alipokea nyongeza yake akaimalizia deni la bajaji. Hakumshukuru dada yake wala hakumlaumu. Walisalimiana tu, na mama yao aliwaacha hivyo. Watu wengine walimletea Bhoke unga na kuku, wakashangaa kwamba hakuonekana kufurahi. Yeye alikuwa akifikiria kumi na nne. Tofauti ya kutoka kumi mpaka kumi na nne, kwa ekari themanini, bado ilikuwa imebaki mfukoni mwa watu waliokuwa nayo ya kutosha, na kila mtu alikuwa akiliita jambo hilo ushindi.

Siku moja alikutana na Benson Mukendo, kwenye kibanda cha kuuza juisi. Benson alimsalimia kana kwamba hawakuwahi kugombana, akamlipia glasi kabla hajakataa. Mgodi unakwenda vizuri, alisema. Mzee Boniphace amefurahi, anataka waongeze eneo.

"Wapi?" Bhoke aliuliza.

"Kuna kijiji huko mbele. Watu wazuri, hawana maneno mengi." Akacheka kidogo. "Huko hakuna mtoto wa mtu anayejua haya mambo yako."

"Mtawahesabia kwa ngapi?"

Benson alikunywa juisi yake, akatazama barabarani. Alisema amechelewa mahali.

Bhoke aliacha glasi yake imejaa. Alimpigia Mzee Magesa akamuuliza ni kijiji gani kimetembelewa na magari ya kampuni, na mzee akamtajia, akampa na jina la mwenyekiti wake na namba ya simu. Mwenyekiti huyo alimsikiliza kwa mashaka, akasema ana watu wengi wanaotaka kuuza maneno siku hizi, lakini kama anaweza kufika Jumatano kabla wageni hawajafika, atamkusanyia hata watu kumi.

"Nitafika," Bhoke alisema.